Ghorofa ya pili, Jumatano saa tatu: kikundi cha wazazi wa watoto wenye mahitaji maalum, Mombasa

Vikao vilikuwa tisa, mimi nimehudhuria vinane. Kile kimoja kilinipita kwa sababu ya sare za harusi ya watu wa Mtongwe, magauni kumi na moja, na bibi harusi hana habari kwamba fundi naye ana mtoto. Nasema mapema ili msomaji ajue anayeandika si daktari wala mtu wa shirika. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Likoni karibu na stendi, na nina kijana wa miaka sita mwenye usonji, yaani autism. Nyumbani tunamwita Kapteni. Maneno hana, ila mamake alimchorea feri nne kwenye kadibodi, Likoni, Kwale, Jambo na Safari, na honi ikilia huko kwenye mkondo tunaovuka kwenda mjini, yeye hugusa mchoro wa feri iliyolia. Mara nyingi nimetoka nje kuhakikisha. Hakosei.

Tangu kikundi kimalizike watu wananiuliza dukani, hasa kina mama wanaoleta nguo kupunguza: kile cha mjini kikoje? Ni cha bure kweli? Watakupa dawa? Jina la kikundi na la jengo sitaandika hapa, kwa kuwa nina malalamiko na sitaki kumharibia mtu kazi nzuri. Ukitaka njia, pita dukani.

Kabla ya kikundi tulizunguka miaka miwili. Kwanza ilikuwa nyumbani kwetu wenyewe. Mama mkwe alisema mtoto ameguswa na jini la bahari, si mnaishi karibu na mkondo, basi tukaenda kwa maalim akaandikiwa kombe, zile aya za Kurani za zafarani zinazooshwa zikanywewa. Sijutii. Zafarani na maji ya waridi havijamdhuru mtu, na yule maalim ndiye aliyekuwa wa kwanza kutwambia tumpeleke pia hospitali. Hospitalini daktari alimtazama, akauliza maswali, akaandika. Dakika kumi. Akatuelekeza kwa watu wa therapi, nao wakatupa nafasi moja kwa mwezi, nusu saa. Nusu saa yenyewe robo yake mtoto yuko chini ya meza. Tukajaribu kwa mtu binafsi, shilingi 2,000 kwa dakika arubaini na tano. Tulikwenda mara tano. Alikuwa mzuri yule dada, lakini wajua shilingi 2,000 ni suruali ngapi za kukata pindo?

Kisha tukaambiwa twende kituo cha EARC, wale wanaopima watoto ili wajue atasoma wapi. Vituo hivi vipo nchini tangu 1984, vilianzishwa kwa msaada wa Denmark, na mara nyingi utavikuta ndani ya uwanja wa shule ya msingi. Kupimwa ni bure. Kile tulichokwenda sisi kilikuwa na ofisa mmoja, mpole sana, na kabati la vifaa ambalo ufunguo wake alikuwa nao mtu mwingine. Tulirudi mara tatu. Mara ya tatu ufunguo ulikuwepo.

Na kadi. Hapa naomba nisimame kidogo, maana dukani hakuna swali linaloulizwa kama hili. Kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu si pesa. Unakwenda hospitali ya serikali, madaktari wanamkagua mtoto na kujaza fomu, unasajiliwa, unapata kadi. Ile 2,000 kwa mwezi ya Inua Jamii, mpango wa serikali wa msaada wa pesa, ni jambo jingine, inaangalia ulemavu mkali na umasikini wa nyumba, na kuwa na kadi mfukoni hakukuingizi humo moja kwa moja. Nimewaona kina mama wawili wakilia kwa sababu mtu wa mtaani aliwaambia vingine, akala na nauli yao.

Haya, kikundi sasa.

Mtaala wao ni wa Shirika la Afya Duniani, ule wa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 waliochelewa kukua au wenye ulemavu wa ukuaji. Vikao 9 vya pamoja na ziara 3 za nyumbani: moja kabla ya kuanza, moja katikati, moja mwisho. Hawakudai cheti cha daktari, na hili lilinifurahisha, kwa sababu mle ndani mlikuwa na mama ambaye mwanawe bado hana jina la ugonjwa, ana vituko tu na usiku halali. Mtaala umeandikwa hivi kwamba hata asiyekuwa mtaalamu anaweza kuuendesha, mradi amefunzwa na ana wa kumsimamia. Wetu alikuwa mwalimu mstaafu, na yeye mwenyewe ni mzazi wa msichana mkubwa mwenye Down sindromu. Mwalimu huyu hajui kuharakisha. Ukisema jambo anakaa kimya mpaka una uhakika umelimaliza.

Jumatano, saa tatu asubuhi. Nani hupanga saa tatu ya Jumatano? Mtu ambaye akisema mzazi anaona mama, na akisema mama anaona mtu asiyekuwa na kazi. Tulikuwa watu kumi na sita, wanaume wawili. Mwenzangu ni dereva wa tuktuk, alikuja vikao vitatu akapotea, na simlaumu, saa tatu ndiyo saa yake ya abiria. Mimi mwenyewe niliingia kwa bahati tu. Mke wangu alikuwa amejifungua, wiki ya tatu, nikaambiwa nenda wewe ukatuandikie. Kikao cha kwanza wakaniuliza mara mbili kama nimekuja kumpeleka mtu. Wanawake walikuwa wakizungumza, wakinitazama wanashusha sauti. Kikao cha tatu wakanisahau, wakaanza kuwasema waume zao mbele yangu, nikajua nimekubaliwa. Mpaka leo huniita Baba Kapteni.

Vijitabu vilikuwa vya Kiingereza. Mwalimu alikuwa akifasiri papo hapo, na pengine tafsiri ilikuwa ikitoka vizuri kuliko kitabu, lakini nyanya mmoja aliyekuwa akilea mjukuu alibeba karatasi zile wiki tisa kwenye mkoba bila kuzisoma hata moja. Siku ya kwanza tuliambiwa kila mmoja achague "utaratibu wa mchezo" wa kufanya na mtoto kila siku. Mama mmoja akasema, mwalimu, mwanangu mpira hachezi. Tukacheka sana. Ilikuwa na maana ya jambo lolote dogo mnalofanya pamoja kwa mpangilio ule ule: kumwaga maji kwa kikombe, kupanga vizibo, kujifunika leso na kujifunua.

Mimi sikuwa na la kuchagua. Kapteni hachezi nami. Anachotaka ni gurudumu la cherehani yangu, ile Singer ya miguu. Akija dukani jioni anakaa chini, anakodolea gurudumu, ukisimama kukanyaga anazungusha kwa mkono, na sindano ngapi zimevunjika sina hesabu. Kwa hiyo kila siku kazi yangu ilikuwa kumwondoa. Mwalimu alipokuja kwa ziara akakaa kwenye kigoda cha wateja, akatazama ile vita yetu, akaniuliza: "Wewe wajua anachokipenda, Baba Kapteni. Wangapi hapa wanajua? Kwa nini wamwondoa?"

Akanionyesha. Toa sindano na mkanda kwanza, gurudumu lizunguke bure. Kaa chini, uso wako uwe mbele ya uso wake, si juu ya kichwa chake. Akizungusha, nawe zungusha. Usiseme maneno mengi, sema moja. Kisha likamate gurudumu, umtazame, ungoje. Ungoje kweli, hesabu mpaka tano moyoni. Nilidhani ni upuuzi. Mtu mzima, fundi, nimekaa chini ya cherehani yangu mwenyewe na wateja wanapita. Siku tatu za mwanzo nilipongoja aliondoka. Ya nne akausukuma mkono wangu. Ya sita ama ya saba akanitazama machoni, na hilo nilihesabu, kwa sababu katika miaka sita naweza kukutajia siku alizonitazama. Wiki ya tano nikalikamata gurudumu, nikangoja, akafanya mdomo wa mviringo akatoa honi: puuu. Nikaachia. Sasa ndivyo tulivyo, honi, gurudumu, honi, gurudumu, dakika kumi kila jioni kabla sijafunga. Jirani yangu muuza viazi karai anasema tumekuwa wendawazimu wawili.

Hilo peke yake lanitosha kuwapa nyota nyingi. Lakini kikao cha tabia ndicho nilichokuwa nakiogopa, na ndicho kilichonifanya nirudi.

Ilikuwa feri ya jioni, saa kumi na moja na nusu, mnajua watu wanavyokuwa. Mtu alikuwa na kipaza sauti akiuza dawa ya meno. Kapteni akaziba masikio, akaanza kuguna, mimi nikamvuta twende mbele. Akajitupa chini. Akajiuma mkono mpaka damu. Watu wakafanya duara, na mama mmoja akasema kwa sauti, mtoto huyu hana adabu, mchape. Nikamchapa. Mbele ya watu wote wale, ili wanione mimi ni baba.

Niliyasema haya kwenye kikao cha sita. Sikukusudia, yalitoka. Mwalimu akanyamaza kama kawaida yake. Yule nyanya wa karatasi akasema, "Mimi nimemchoma mjukuu wangu na maji ya moto, nikasema ni bahati mbaya." Baada ya hapo kila mtu akawa na lake. Hakuna aliyetoa mawaidha. Chai ilipoa.

Wiki iliyofuata tukarudia kisa changu polepole, kama mtu anayefumua mshono kutafuta uzi ulipokatika. Alianza lini kuziba masikio? Kabla ya kujitupa. Kwa hiyo aliniambia, ila mimi sikusikia. Kulikuwa na nini? Sauti, msongamano, kuvutwa. Nini kinaweza kubadilika? Kipaza sauti siwezi kukizima, lakini saa naweza kuibadilisha, tukavuka kabla ya saa kumi. Pa kusimama naweza kuchagua, pembeni, karibu na reli, anapoiona injini. Na mimi nikaongeza langu la ufundi: nikashona kofia yenye masikio, ndani sponji mbili za godoro na bitana ya pamba isiyowasha. Haizuii sauti yote, lakini anaitaka. Pia nikashona utepe wa kitambaa wenye picha nne za kubandua kwa velkro: nyumba, feri, matatu, shule. Kila tukimaliza hatua anabandua. Wazazi wengine wakaniagizia, nimeshona kumi na mbili kwa bei ya kitambaa, na mama mmoja bado ananidai eti yake rangi imechuja. Mama, nilikwambia usiifue na sabuni ya unga.

Bado anajitupa. Wiki iliyopita mara mbili. Asikudanganye mtu kwamba wiki tisa zinamaliza. Ninachojua ni kwamba sijamchapa tena, na mkono wake wa kulia umepona kidonda.

Chai yao nayo naikadiria, kwa sababu bila ile chai nusu ya watu wasingerudi. Kuna bibi mmoja anayepika hapo, hana cheo chochote katika karatasi zao. Mahamri na mbaazi, chai ya tangawizi. Ukichelewa mahamri yamekwisha, na hiyo ni dosari. Lakini huyu bibi ndiye anayekuuliza wewe umelala vipi. Mwalimu anauliza mtoto kalala vipi. Mtaala una sehemu ya mlezi kujitunza, mazoezi ya kuvuta pumzi na kadhalika, tulivuta, sawa. Mimi nilipata nafuu jikoni.

Watoto huwekwa chumba cha pili na vijana wawili wa kujitolea. Wapole, wana subira, ila mlango haufungi vizuri, na watoto kama wangu mlango wazi ni mwaliko. Kapteni alitoroka mara moja akapatikana mapokezi akigusa feni. Wanunue komeo. Komeo ni shilingi mia mbili.

Sasa malalamiko makubwa. Kikundi cha wazazi wa watoto wenye ulemavu kimewekwa ghorofa ya pili, na jengo halina lifti. Kati yetu alikuwemo mama mwenye binti wa miaka minane mwenye mtindio wa ubongo, hatembei, ana kilo zake. Kila Jumatano anaacha kiti cha magurudumu chini kwa askari, anamfunga mgongoni kwa leso mbili, anapanda. Nilipouliza nikaambiwa chumba ni cha msaada, hawalipi kodi, wangepata wapi. Naelewa. Lakini walipotuomba maoni siku ya mwisho, fomu ilikuwa na maswali kumi na nne, na la ngazi halikuwemo.

La pili ni kundi la WhatsApp. Mwanzo lilikuwa zuri, unauliza usiku saa nane unajibiwa, maana tusiolala tuko wengi. Kisha akaingia mtu anauza maji ya mitishamba ya "kuondoa usonji siku arubaini", shilingi 15,000, na ushuhuda wa video. Lile tangazo lilikaa siku mbili kabla msimamizi hajaliondoa, na katika siku mbili hizo najua nyumba moja iliyotuma pesa. Siku nyingine mzazi akaweka video ya mtoto wa mwenzake akiwa katika hali mbaya, eti tuone mfano. Kundi la namna hii lataka msimamizi anayelala na simu mkononi, au lifungwe usiku.

Tatu, wanapomaliza wamemaliza. Baada ya ziara ya tatu mwalimu anaaga, anaanza na kundi jipya, nanyi mnabaki na namba zake. Sisi saba wa upande wa Likoni tumeamua kukutana wenyewe, Jumapili ya mwisho ya mwezi, kwa zamu majumbani. Mara ya kwanza walikuja wanne. Mwezi uliopita tukawa kumi na mmoja, pamoja na yule dereva wa tuktuk, kwa sababu Jumapili jioni anaweza.

Na ndugu wa hawa watoto, hakuna aliyewakumbuka. Binti yangu ana miaka kumi. Ndiye anayejua kumlisha Kapteni, ndiye anayemtafuta akitoroka, na shuleni ndiye anayeitwa dada wa yule bubu. Vikao tisa, jina lake lilitajwa mara moja, kama msaidizi.

Gharama yangu, kwa anayepanga: kujiandikisha bure, chai bure, karatasi bure. Feri kwa miguu haina malipo. Matatu ng'ambo ya pili kwenda na kurudi shilingi 100, mtoto naye wakimkalisha kiti wanataka yake. Asubuhi iliyopotea dukani mimi naihesabu 800. Zidisha kwa nane. Bado ni rahisi kuliko mara tano za yule dada wa 2,000, na huko alikuwa akicheza na mwanangu yeye. Huku nimefunzwa kucheza naye mimi.

Kati ya nyota tano, mwalimu nampa tano, bibi wa chai tano, WhatsApp moja, saa ya kikao mbili, jengo halipati kitu. Ukitaka jumla, weka nne kasoro. Kundi jipya linaanza baada ya skuli kufunguliwa, na majina wanaandika asubuhi tu. Nenda na picha ya kitu anachokipenda mtoto wako, hata kiwe cha kijinga, utaulizwa siku ya kwanza. Kula kabla hujaondoka, au fika saa mbili na nusu. Na wewe baba ukienda, mwangalie mlangoni kama yupo mama mwenye kiti cha magurudumu, umchukulie mtoto. Ngazi ni thelathini na nne, na ile ya kumi na saba imevunjika ukingo.